Mkate wa Povu

Mimi shule nilifika darasa la pili, na hilo la pili sikulimaliza. Nasema mapema ili mtu asije akatafuta humu maneno makubwa akayakosa, kisha akanilaumu. Nilicho nacho nimekipata kwa mgongo. Nilivuka Feri kutoka upande wa kusini ningali kijana, nikabeba magunia ya watu kwa miaka, halafu nikaanza kununua magunia matupu na kuyauza. Gunia tupu likaninunulia nyumba Mji wa Kale na likawaoza binti zangu wote. Watu walinicheka. Walisema, huyu auza kitu ambacho kitu chenyewe kimeshatolewa. Waache wacheke. Mwenye mchele huuza mchele wake mara moja basi. Mimi gunia lile lile nimeliuza, nikalinunua tena, nikaliuza mpaka likatoboka, kisha nikaliuza kwa wauza kuku, ambao wao wayataka hayo matundu.

Miaka ya tisini ghala langu halikuwa na magunia peke yake. Kulikuwa na mabaksi ya sabuni, ya biskuti, ya viatu, masanduku ya mbao yaliyoletewa chai, mirija mirefu ya karatasi ngumu ambayo huzungushiwa vitambaa vya jora, na kamba za kila namna. Tena kulikuwa na povu.

Povu nalieleza, maana wakati ule lilikuwa bado geni. Maduka ya televisheni na feni yalikuwa yameota mjini kama uyoga, na kila chombo kilikuja ndani ya boksi kimekumbatiwa na kitu cheupe, chepesi, kama povu la sabuni lililoganda. Sisi tukaliita povu tu. Mimi nililitaka boksi. Povu lilikuja nalo kama shemeji anayefuatana na bibi harusi. Halikuwa na mnunuzi. Halibebi kitu, halifungi kitu, ukilichoma latoa moshi wa kukimbiza mtaa mzima. Lakini mimi situpi kitu. Nikalirundika pembeni mwa ghala, likapanda mpaka karibu na boriti.

Waliolipatia kazi ni watoto. Mjukuu wangu wa kike, wa binti yangu mkubwa, alikuwa na umri wa miaka sita hivi, na mdogo wake wa kiume bado alikuwa akivaa suruali kinyumenyume. Walishinda kwangu kila siku. Watu wengine huwanunulia watoto magari ya betri. Gari la betri ni la siku ya Idd. Kesho yake lina gurudumu moja, na keshokutwa baba mtu analikanyaga gizani. Mimi sikuwahi kununua hata moja, na wajukuu zangu walikuwa na mji mzima. Boksi la friji lilikuwa nyumba ya ghorofa. Sanduku la chai lilikuwa meko. Mrija wa jora alipewa yule mdogo, akawa ndiye muadhini.

Mchezo wao mkubwa ulikuwa futari. Mwaka mzima walicheza futari, hata mwezi wa mfungo tatu, Ramadhani imeshapita zamani. Mjukuu wangu alikuwa mwenye nyumba, na sauti yake ilikuwa ya mke wangu kabisa, mpaka nikilipita ghala nilinyoosha mgongo. Alipika siku kutwa. Mdogo wake alifunga kwenye kona ya magunia, na alipoona njaa ya mchezo imemzidi aliweka mrija mdomoni akaadhini, wote wakafuturu. Ile saumu yao haikuwahi kufika robo saa.

Alikuwapo na mpishi wa pili, na huyu ndiye aliyeleta ufundi. Alikuwa mjukuu wa jirani yangu Bohora, Mwislamu wa Kihindi, mwenye duka la vitambaa ubavuni mwa ghala, na ndiye pia mwenye jengo lote, ghala likiwemo. Mtoto yule alikuwa rika la mjukuu wangu, mwenye mikia miwili ya nywele zilizosukwa na uso wa kazi. Yeye ndiye aliyegundua kwamba ukilisugua povu kwenye ukuta wetu wa mawe ya matumbawe, ukuta uliokwaruza kama mbuzi ya nazi, latoka punje nyeupe, na punje zile ni nazi iliyokunwa. Basi wakakuna nazi. Walikuna asubuhi, walikuna alasiri. Na ule ulikuwa wakati wa kaskazi, upepo ukishuka kichochoroni bila kumwomba mtu ruhusa.

Ramadhani ilikuwa imeshaingia jirani aliponijia na kitambaa begani. Nimwelezee kidogo. Alikuwa mnene, mpole, kofia yake nyeupe yenye ukingo wa dhahabu haikupata kuonekana imepinda, na Kiswahili chake kilikuwa cha mjini kuliko changu mimi niliyetoka mashamba. Mara nyingi akinisahihisha. Nilikuwa nimepanga kwake tangu ndevu zangu nyeusi. Malalamiko yake yalikuja moja moja, kwa adabu. Mwanzo panya, nikaleta paka. Kisha harufu ya magunia ya vitunguu; nikayahamishia nyuma. Sasa akakunjua kile kitambaa mbele yangu. Kilikuwa kitambaa cheusi cha kushonea buibui, na juu yake punje nyeupe zimetapakaa.

"Nguo yangu imeota ndui," akasema.

Nikamwambia si kitu, apulize. Akaniambia nipulize mimi. Nikapuliza. Punje zikaruka, zikazunguka, zikarudi kwenye kitambaa, na nyingine zikaona heri zikae ndevuni mwangu. Povu lina tabia hiyo; ukilifukuza larudi, kama jamaa mwenye shida. Akaniambia kwamba mama mmoja wa bibi harusi amerudisha jora zima, na kwamba yeye amechoka kuchambua nguo kama mchele. Akasema Idd ikipita anataka ghala lake.

Nikamwuliza, "Idd yako au yangu?"

Swali lilikuwa la haki. Mabohora hawangoji mwezi uandame; wanao kwa hesabu, kwa hiyo hufunga kabla yetu siku moja au mbili, na Idd yao hututangulia. Alifikiri, akakunja kitambaa chake.

"Yako," akasema. "Mimi si mtu mbaya."

Sasa mtu asidhani jambo lile lilikuwa dogo. Mji wa Kale ghala halipatikani. Vyumba viko juu, ngazi nyembamba, vichochoro ambamo watu wawili wanene wakikutana mmoja hurudi nyuma. Ghala la chini, lenye mlango mpana, karibu na pahala ambapo mkokoteni waweza kufika, lilikuwa lile tu. Na baada ya Idd ile masika yalikuwa yakija. Gunia likinyeshewa halifai hata kwa kuku. Bila ghala, mimi ningekuwa mzee mwenye magunia mvuani, na biashara iliyonijenga ingeoza kwa msimu mmoja. Hayo niliyajua vizuri. Lakini kwenda kumwomba, hapana. Sikuzaliwa na goti la kupigia mtu.

Mke wangu alikuwa na njia yake. Kila mwaka akimpelekea jirani mkate wa sinia kwa futari, na wao wakiturudishia sinia ina sambusa au kitu kitamu cha kwao. Akaniambia nimwache apeleke mkate kama ada, asiseme neno, na mkate utasema wenyewe. Nikakataa. Nikamwambia, nikipeleka sahani sasa hivi itakuwa nabisha hodi kwa tumbo la mtu. Nikasema mwaka huu kisivuke kitu kutoka nyumba yangu kwenda nyumba ile, hata chumvi. Nilisema kwa sauti kubwa, mimi sauti yangu ni moja tu. Na ndani ya boksi la biskuti, pale pale chumbani, mjukuu wangu alikuwa amejikunja akisikiliza.

Yaliyofuata niliyajua baadaye kwa kuwahoji mmoja mmoja, na yule mdogo hakukubali kusema kitu mpaka alipopewa tende.

Walifanya kikao ndani ya boksi la friji. Mjukuu wangu akawaeleza wenzake kwamba jiko lao litachukuliwa Idd ikipita, kwamba dawa ya jambo hili ni mkate, na kwamba bibi amekatazwa kuupika. Basi wataupika wao. Hawakuona tatizo. Mkate walikuwa wameupika kila siku na wageni wote wa mchezo walikuwa wakiusifu.

Walichagua povu la duara lililokuja na feni, lenye ukubwa wa sinia hasa. Walilisugua kingo ukutani mpaka likawa na mviringo wa mkate ulioumuka. Lakini lilikuwa jeupe juu, na mkate wa sinia sharti uwe umebabuka kwa mkaa wa kifunikoni. Hapo mjukuu wa Bohora akaingia dukani kwa babu yake akatoka na kopo la gundi. Wakachukua machicha ya kahawa kutoka birika langu la usiku wa jana, wakachanganya na gundi, wakapaka juu. Ukapata rangi. Wakanyunyiza punje za iliki. Kisha, na hili ndilo lililoponza watu, wakamimina marashi ya mawaridi ya mke wangu, chupa nzima. Mkate wa mke wangu ni mzuri, nimekula nao maisha yangu yote, lakini haujapata kunukia vile.

Wakautia kwenye sinia yetu ya shaba, ambayo peke yake ni nzito kama mlango, kwa hiyo wepesi wa mkate haukujulikana. Wakaufunika kwa kawa. Mjukuu wangu akautia kichwani, na magharibi ilipokaribia akavuka kichochoro akabisha hodi kwa Bohora.

Kwetu sahani iliyofunikwa kawa, ikija kwa mkono wa mtoto saa ile, haiulizwi. Hakuna anayefunua mlangoni kuchungulia. Mtoto husema maneno yake, sahani hupokelewa, mlango hufungwa. Na maneno yake alikuwa ameyasema katika mchezo mara nyingi kuliko watu wazima wote wa mtaa.

"Bibi awasalimu sana," alisema, "na mpokee kidogo hiki mfuturie."

Wakapokea, wakamwombea dua.

Tena liko jambo la Mabohora ambalo watoto hawakulijua. Wao hula wote sinia moja, huanza kwa kulamba chumvi kidogo, na baada ya chumvi huja kitu kitamu kabla ya chakula chenyewe. Sisi tungeanza na tende, tukaja kwenye uji, tukapita kwenye sambusa, na mkate ungengojea mpaka baada ya sala, taa zimewaka, watu wameona. Wao mkate waliuendea moja kwa moja, na njaa ya mchana kutwa, na mgeni yuko mbele. Mgeni mwenyewe alikuwa shemeji wa jirani, amekuja kutoka Nairobi, na mdomoni alikuwa na meno mapya ya bandia aliyokuwa akiyaonyesha kila mtu.

Mimi nilikuwa kwangu ng'ambo ya kichochoro na bakuli la uji mkononi. Kwanza nikasikia sauti nyembamba, mbaya, kama panya aliyekanyagwa. Hicho kilikuwa kisu. Kikanyamaza. Kikalia tena. Kisha kimya. Kisha mtu akapiga kelele moja fupi. Halafu jirani akatoka barazani kwake.

"Jirani, njoo," akaita.

Nikamjibu kwamba nafuturu.

"Na mimi nafuturu. Njoo uone ninachofuturu."

Nikavuka. Chumbani watu wa nyumba ile walikuwa wameketi duara, na mgeni wao amejifunika mdomo kwa leso. Katikati nikaona sinia ya mke wangu, na kando yake kawa la mke wangu, na juu ya sinia mkate mzuri, umekatwa kipande kimoja, umebabuka sawasawa, wanukia mawaridi, na kisu kimesimama ndani yake peke yake. Nikaelewa papo hapo, yaani nilidhani nimeelewa. Mke wangu ameniasi. Amepeleka mkate kwa siri. Nusu yangu ilikasirika, na nusu nyingine, nasema kweli, ilishukuru.

"Huu mkate umetoka kwako?" jirani akaniuliza.

"Sinia ni yangu."

"Sikukuuliza sinia."

"Umetoka kwangu. Una ila gani?"

"Onja."

Nikawatazama wote pale. Mgeni na leso yake. Wanawake mlangoni wamejiziba kwa nguo zao za rangi. Nikaona huu sasa ni ubishi. Mtu akinitukana mimi, nitamjibu kesho. Akiutukana mkate wa mke wangu, hapo hapo. Nikanyoosha mkono nikaubana ukingo, ukakatika tak, kama ubao. Mwenye akili angesimama hapo. Nilikuwa nimeshabishana tayari, kwa hiyo sikusimama. Nikautia mdomoni nikatafuna.

Kutafuna povu si jambo la kueleza kwa kalamu. Kelele yake haitoki nje, yabaki kichwani. Meno yangu, ambayo yalikuwa yangu mwenyewe, yalikuwa yakiteleza na kulia. Ladha ilikuwa ya kahawa ya jana, na gundi, na harusi. Kila nilipotafuna kitu kile kilizidi mdomoni badala ya kupungua. Watu wote wakinitazama koo. Basi nikafanya lililobaki. Nikameza.

"Umekaukia kidogo," nikasema.

Jirani akakiangalia kile kisu kilichosimama. "Umekaukia," akasema.

"Mkaa ulizidi."

Hapo ndipo pazia la mlango wa nyuma likatikisika na mjukuu wangu akatoka, maana alipotoka mlango wa mbele aliingia wa nyuma ili aone mkate wake ukiliwa. Nyuma yake alikuwa mdogo wake, na nyuma ya huyo mwenzao wa nyumba ile. Alinitazama kwa huruma, kama mtu amwonaye mzee amevaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia.

"Babu, huo hauliwi," akasema. "Ni wa povu. Unatakiwa useme mtamu tu, basi."

Kisha jirani akamwita karibu, akamwuliza taratibu kwa nini wameleta mkate wa povu.

"Kwa sababu bibi amekatazwa kupika wa kweli."

"Nani kamkataza?"

Akaninyooshea kidole mimi.

"Na nyinyi mwataka nini kwangu?"

"Jiko letu lisichukuliwe."

"Jiko lenu lachukuliwa na nani?"

Akamnyooshea kidole yeye. Hakuona haya hata kidogo, na kidole chake alikizungusha kwa usawa, mimi na jirani tukapata kila mtu fungu lake.

Jirani akavuta pumzi. Nikamwona anatafuta pa kuishika ile hasira yake, kwa sababu kumkasirikia mtoto haifai na kunikasirikia mimi, mtu aliyemeza povu mbele yake, ilikuwa vigumu. Akauangalia mkate kwa jicho la mfanyabiashara, akaugusa juu kwa kidole.

"Hii gundi ni ya dukani kwangu," akasema.

"Nimeileta mimi," mjukuu wake mwenyewe akajibu, na akasogea mbele asije mtu mwingine akachukua sifa. "Rangi pia ni mimi. Na nazi nakuna mimi, babu. Huyu hajui kukuna, azitoa kubwa kubwa."

Jora la bibi harusi lilipita katikati yetu bila kuonekana. Nilitaka kusema, Mungu ajua nilivyotaka, lakini povu lilikuwa bado njiani likishuka.

Aliyetuokoa ni mgeni. Aliondoa leso mdomoni, na ufizi wa juu ulikuwa mtupu. Akanyoosha mkono mpaka kwenye kipande chake cha mkate kilichokuwa mbele yake, na mle ndani, yameuma barabara, yalikuwamo meno ya juu yote. Akavuta. Hayakutoka. Akashika povu kwa mkono wa pili, akavuta, yakatoka kwa kelele kama kizibo. Akayatazama, akanitazama mimi, akaanza kucheka, na cheko la mtu asiye na meno ni la hewa tupu, lapiga miluzi. Wanawake mlangoni wakashindwa. Jirani alijikaza mpaka kofia yake ikapinda. Siku hiyo tu ndiyo niliyoiona imepinda.

Baadaye ulizuka mjadala wa sahani. Kwao kama kwetu, sahani ya jirani hairudi tupu. Lakini mke wa jirani, mwanamke wa maneno machache, akauliza kwa haki kabisa: walicholetewa ni kitu cha kuliwa au si cha kuliwa? Kama si cha kuliwa, sahani haijaletwa. Na kama ni cha kuliwa, basi aliyekila ni mwenyewe aliyekileta, sasa wao wanadaiwa nini? Mimi nikasema hatudai. Mgeni akasema yeye ametoa meno kwa ajili ya mkate ule, kwa hiyo umeliwa nyumba ile na ada ifuatwe. Ikafuatwa. Sinia ikarudi imejaa sambusa, na mjukuu wangu aliibeba kichwani akatembea mbele yangu kama mtu aliyeshinda kesi.

Nyumbani mke wangu alinipokea sinia, akanusa, akaniuliza chupa yake ya marashi iko wapi. Nikamwambia imo tumboni mwangu. Sikumweleza zaidi mpaka nilipokwisha sali.

Kuhusu ghala, halikusemwa neno usiku ule, wala kesho yake. Idd yao ilipofika nilimwambia mke wangu apike mkate wa kweli, nikaupeleka mwenyewe kwa mikono yangu na kanzu yangu ya Idd. Jirani akafunua kawa, akakunja kidole, akaugonga mkate juu kama mtu abishaye hodi. Aliposikia hakuna mlio akakata. Alikula kipande, akala cha pili, akaniambia ni mtamu, ila ule wa watoto ulikuwa umeumuka zaidi. Tukacheka. Lakini ghala hakulitaja, na mimi sikulitaja. Kucheka na mtu ni kucheka, na ghala ni ghala. Nimewaona watu wakicheka pamoja ufukweni Mama Ngina jioni, na asubuhi wamepelekana kwa hakimu.

Idd yetu nayo ikaja ikapita. Mawingu ya kwanza ya masika yalikuwa yameanza kukaa upande wa bahari. Asubuhi ya siku iliyofuata nilifika ghalani mapema, nikakusanya hesabu yangu kichwani, magunia ya kumwuzia nani, mabaksi ya kumpa nani bure. Ufunguo nikautia mfuko wa juu wa shati. Nilikuwa nimeshaamua kwamba nitautoa mwenyewe kabla hajauomba. Mtu aondolewaye asiondolewe kwa kuvutwa.

Akaja. Alisimama mlangoni, akaingiza kichwa, akatazama boriti, akatazama magunia. Nikatia mkono mfukoni. Lakini kabla sijasema, mjukuu wangu akatoka ndani ya friji, akamwamkia, akamwambia karibu, chakula tayari, na wageni hawali wamesimama. Akamburura kwa mkono mpaka penye sanduku la chai, akamketisha juu ya boksi. Mjukuu wake mwenyewe akamletea kifuniko cha kopo, ndani yake vipande vya povu vimepangwa vizuri na rojo la majivu. Yule mdogo akaadhini kwa mrija, ingawa ilikuwa saa mbili ya asubuhi na hakuna mle ndani aliyefunga.

Jirani akaosha mikono hewani. Akalamba chumvi isiyokuwapo. Akachukua kipande, akakipeleka karibu na mdomo, akatafuna na mashavu yake yote mawili.

"Umeiva?" akaulizwa.

"Umeiva."

Nikautoa ufunguo. Nikamwonyesha. "Huu hapa," nikamwambia. "Idd zote mbili zimepita."

Akanitazama huku anatafuna. "Wewe nawe," akasema, "mtu akila watoa ufunguo?"

"Ulitaka ghala lako."

"Nilitaka ghala langu. Sikusema nataka jiko la watu." Akachukua kipande cha pili. "Ila nazi ikunwe mlango umefungwa. Na kukuna awe mmoja. Huyu wa kwangu."

Nikaurudisha ufunguo mfukoni. Ningemshukuru, maneno nilikuwa nayo kooni, lakini wakati ule ule boksi alilokalia likachoka. Lilianza pembe moja, kisha likashuka lote chini yake polepole, naye akashuka nalo hivyo hivyo ameshika sahani, na sanduku la chai likapinduka, rojo la majivu likamwagika juu ya magunia. Nikamshika makwapa nikamvuta. Mara ya kwanza nilishindwa, na mimi nimebeba magunia ya mchele maisha yangu. Aliposimama akaniambia mabaksi yangu ni mabovu. Nikamwambia lile limetoka dukani kwake.

Mjukuu wangu alisimama katikati ya jiko lake, mikono kiunoni. Akatuambia, kwa sauti ya mke wangu ile ile, kwamba wageni gani hawa wanaovunja viti na kumwaga mchuzi, na kwamba tutoke nje mpaka apanguse.

Tukatoka. Mwenye nyumba na mpangaji wake, tukasimama kichochoroni bega kwa bega, tukingoja kuitwa.